Sindano ya Sijaona

Saa nne asubuhi ya Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1994, Zabibu Mazengo aliingia nyumbani kwa wifi yake huko Unyambwa akiwa amekumbatia mto wa kochi. Alisema ameudarizi kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa anadanganya.

Ninayoyaeleza hapa niliyaona, au niliambiwa na watu wawili walioyaona. Wakati huo nilikuwa mpangaji wa chumba cha uani kwa mume wa Zabibu, Singida Mjini. Sikuwa na sababu ya kuwapenda watu wa nyumba ile, na sikuwapenda. Sina sababu ya kuwazulia pia.

Mume aliitwa Abdulhamidi. Hadi katikati ya miaka ya themanini alikuwa akiuza chumvi na mafuta ya taa kwenye duka la rafu tatu. Biashara zilipofunguliwa, akaanza kuleta marobota ya mitumba kutoka Dar es Salaam, na kabla ya miaka mitano kwisha akawa mtu wa kusalimiwa kwanza. Alinunua makochi mekundu, akayaacha ndani ya nailoni yake. Wageni walikaa kwenye vigoda wakiyatazama. Alinunua friji, akalifanya kabati la vikombe. Lakini mbele ya dada yake, Bi Stumai, alikuwa bado yule mtoto wa kutumwa chumvi.

Bi Stumai ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemchagulia mke wa kwanza. Huyo aliitwa Sijaona, mwanamke mkimya kutoka Iramba, aliyedarizi mashuka na foronya ambazo bado zilikuwa kwenye vitanda vya nusu ya mji. Alidarizi kwa mkono wa kushoto. Alifariki kwa homa Mei 1992, akaacha binti mmoja, Maryam. Miezi minane baadaye Abdulhamidi alimuoa Zabibu wa Manyoni bila kumuuliza dada. Ni kitendo pekee cha ujasiri ninachokijua katika maisha yake, na alikijutia wiki ileile.

Zabibu alikuwa mchekeshaji, mwongo na mvivu, kwa mpangilio huo.

Siku ya Idi kubwa ya mwaka 1994, Bi Stumai alimtazama akigawa pilau kwa kumwaga nusu chini, kisha akasema mbele ya wageni, “Mke wa kwanza wa mdogo wangu alikuwa na mikono. Huyu ana mdomo.”

“Mdomo nao una kazi yake, wifi,” Zabibu akajibu. “Bila mdomo hiyo pilau ungeila kwa sikio?”

Wageni walicheka. Bi Stumai hakucheka. Jioni ile alimwita mdogo wake barazani, na mimi nilikuwa nikifua soksi hatua kumi kutoka pale. Alikuwa anamalizia nyumba mpya Unyambwa, alisema, na maulidi ya mwaka huu yangesomwa humo. Kila mwanamke wa ukoo angeleta kitu alichokitengeneza kwa mkono wake.

“Huyo wako akija mikono mitupu, mrudishe kwao.”

“Sawa, dada,” alisema Abdulhamidi.

Zabibu aliletewa habari hiyo na mume aliyekuwa anaongea huku akilitazama friji. Alicheka siku tatu. Siku ya nne akaacha. Manyoni hakukuwa na mtu wa kumpokea. Baba yake alikuwa amefariki, na kaka yake alikwisha kumwambia kwamba chumba chake sasa kinalala shemeji. Ndoa ile ndiyo paa pekee alilokuwa nalo, na mtu wa kulishika au kulibomoa alikuwa Bi Stumai.

Hapa lazima nieleze kuhusu sanduku.

Wanawake wa ukoo wa Sijaona wana utaratibu wao. Mmoja wao akifariki na kuacha kitambaa hakijamalizika, binti yake au dada yake huchomoa sindano, hukata uzi na kukichoma moto kitambaa, kabla chakula cha arobaini hakijaliwa. Wasio wa damu yake hawaigusi sindano hiyo. Ndugu wa Sijaona walikuja kwenye arobaini wakauliza kama kuna kazi iliyobaki. Abdulhamidi aliogopa kwamba wakifungua sanduku la bati la marehemu wangeondoka na kanga. Akasema hakuna kitu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Wakala, wakarudi Iramba.

Mwanzoni mwa Agosti 1994 Zabibu aliuiba ufunguo ule. Maryam, aliyekuwa na miaka kumi na saba, alimkuta amepiga magoti mbele ya sanduku. Mkononi alikuwa na kitambaa cheupe cha poplini kilichobanwa kwenye duara la mbao. Juu yake kulikuwa na heroe, yule ndege wa rangi ya waridi anayesimama kwa mguu mmoja kwenye maji ya Ziwa Singidani. Shingo ilikuwa tayari, mabawa tayari, miguu tayari. Kilichokosekana kilikuwa jicho. Mahali pa jicho palikuwa na sindano yenye uzi wa waridi.

“Mama mdogo, usiichomoe,” Maryam alinong’ona. “Mtu baki akiichomoa, mwenye kazi anaendelea.”

“Aendelee na nini? Hapa pamebaki jicho tu. Hata kuku wa kwetu Manyoni angelimaliza.”

Akaichomoa. Akaichomeka kwenye kifua cha gauni lake, uzi ukining’inia, akaenda kumtafuta fundi.

Sindano ile ilikuwa imekaa kwenye kitambaa miaka miwili na miezi mitatu, kwenye sanduku linalovuja masika. Haikuwa na kutu.

Fundi alikuwa Dina, mwanamke wa Mkalama, aliyeweka cherehani yake kwenye baraza la duka jirani na soko. Dina ndiye aliyekishona kitambaa kuwa mto na kukijaza sufi. Kabla ya kushona alikigeuza, kama wafanyavyo wote wanaojua kazi hiyo, kwa sababu upande wa nyuma ndiko mtu asikoweza kujificha. Nyuma palikuwa safi kama mbele. Mishono yote ililalia upande mmoja.

“Hii ni kazi ya mtu wa shoto,” Dina alisema. “Wewe shoto?”

“Leo niko shoto.”

“Na kesho?”

“Kesho nitakuwa mke wa mtu, fundi. Shona.”

Jicho Zabibu alilidarizi mwenyewe, palepale barazani, kwa sindano ya Dina na uzi mweusi wa kushonea vifungo. Lilitoka fundo moja nene lililopinda kuelekea kulia. Dina alijitolea kulifumua na kulirudia. Zabibu akakataa. Alitaka pawe na kitu kidogo cha kweli katika uongo wake, nadhani. Watu wengi hufanya hivyo.

Hivyo ndivyo mto ulivyofika Unyambwa.

Bi Stumai aliupokea akiwa amekaa katikati ya wanawake kumi na tano. Zabibu alitoa shikamoo, akaitikiwa. Kisha Bi Stumai alifungua vifungo vya mto, akaimwaga sufi mapajani, akaligeuza ganda lake nje ndani. Alitazama upande wa nyuma kwa muda mrefu. Alikuwa amelala kwenye foronya za Sijaona miaka kumi na minane. Naamini aliutambua mkono palepale.

“Ndege kadariziwa na mtu,” alisema. “Jicho kadariziwa na kuku.”

“Niliharakisha, wifi.”

“Ulikuwa unawahi nini? Haya. Kochi lina pembe mbili. Jumatatu uje ukae hapa barazani, udarizi mwenzake nikikutazama. Ukiweza, wewe ndiye mke wa mdogo wangu, na atakayekusema kanisema mimi. Usipoweza, basi la Manyoni linaondoka asubuhi. Nauli nitakupa mimi.”

Wanawake walicheka chinichini. Kisha wakasoma maulidi na kumswalia Mtume kwa sauti nzuri sana.

Jumatatu Zabibu alikwenda. Maryam alimsindikiza. Njiani Zabibu alimweleza mpango wake wote: angejichoma kidole, angelia, angesema anaumwa kichwa, siku ingepita. Alikuwa amebeba kitambaa kipya na vibunda vinne vya uzi wa waridi, vyote bado vimefungwa kwa karatasi ya dukani. Sindano ilikuwa bado kifuani. Hakuwa na nyingine.

Alikaa mkekani. Bi Stumai alikaa kwenye kiti mbele yake. Maryam anasema Zabibu aliichukua sindano kwa mkono wa kulia, akaisogeza kwenye kitambaa, akafumba macho ajichome. Sindano ikahamia mkono wa kushoto.

“Ikahamiaje?” nilimuuliza.

“Ilihama tu.”

Akaanza kudarizi.

Alhamisi, tarehe 25, Dina alinijia akasema anapeleka sufi Unyambwa na anataka mtu wa kumsindikiza. Hakuwa na haja ya msindikizaji. Mfuko wa sufi hauna uzito. Nilimbeba kwenye baiskeli bila kuuliza. Tulifika saa tisa mchana. Jua lilikuwa kali na upepo wa Agosti ulikuwa unabeba vumbi shambani. Naandika saa kwa sababu watu wakisikia habari hii huuliza kama kulikuwa na giza. Hakukuwa na giza.

Zabibu alikuwa peke yake barazani. Kitambaa kilikuwa mapajani. Heroe alikuwa amefika shingoni. Mkono wa kushoto ulikuwa unashuka na kupanda, haraka, bila kusita, kama wa mtu aliyefanya kazi hiyo miaka ishirini. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya goti, kiganja juu. Hakuwa anatazama kitambaa. Alikuwa anatutazama sisi.

“Hujambo, Zabibu,” Dina alisema.

“Nitoe,” alisema.

Sauti ilikuwa ndogo. Midomo ilisogea kidogo tu.

“Nikutoe wapi?”

“Sindano. Nitoe. Si mimi.”

Mkono haukusimama. Wakati anasema, ulidarizi mishono minne. Niliihesabu kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Dina aliweka mfuko chini. Alipiga magoti, akashika sindano wakati ncha imetokeza, akavuta. Sindano ilikuwa imeingia kwenye poplini. Poplini ni kitambaa chepesi. Sindano haiwezi kukwama hapo.

Ilikwama.

Alivuta tena, kwa mikono miwili. Kitambaa kiliinuka. Mkono wa Zabibu uliinuka nacho. Kisha Dina akapiga kelele, akaachia. Kidole chake kilikuwa na tundu dogo, na damu ilikuwa inatoka. Mkono wa kushoto ulimsubiri aondoe kidole. Ukaendelea.

Nilitazama vibunda vya uzi. Vilikuwa vinne, pembeni ya mkeka. Karatasi ya dukani ilikuwa haijafunguliwa hata ya kimoja.

“Anadarizi kwa uzi gani?” nilimuuliza Maryam aliyekuwa ametokea mlangoni.

“Ule aliokuja nao.”

Ule aliokuja nao ulikuwa na urefu wa mkono mmoja.

Ndege alikamilika Ijumaa, isipokuwa jicho. Bi Stumai alikigeuza kitambaa mbele ya majirani aliowaita kwa kusudi hilo. Nyuma palikuwa safi. Mishono yote ililalia upande mmoja. Akasema kwa sauti, ili wasikie hadi barabarani, “Huyu ndiye mke wa mdogo wangu.” Akamkumbatia. Zabibu alikuwa ameupata mto wa pili, wifi, mume na paa. Alitazama juu ya bega la Bi Stumai. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshachomeka sindano kwenye kitambaa kingine.

Kutoka siku hiyo hakusikika akichekesha. Baada ya wiki hakusikika kabisa. Alirudi mjini, akapika, akafua, akadarizi. Alipika vile ambavyo nyumba ile haikuwa imeonja tangu Mei 1992. Nilipokutana naye uani nilimsalimu, akainamisha kichwa kama mke mgeni anayemwona mpangaji kwa mara ya kwanza. Wakati mwingine, akipita, midomo yake ilikuwa inasogea. Haikutoa sauti.

Hakuna aliyelalamika. Hili ndilo ninalotaka lieleweke.

Abdulhamidi alitoa nailoni kwenye makochi. Hatimaye aliwaruhusu watu wakae. “Siku hizi hajibu,” aliniambia, akinionyesha mto wa tatu, wa nne. Aliongea kama mtu aliyepeleka redio kwa fundi ikarudi imepona. Ndege wote hawakuwa na macho. Nilimuuliza kama hilo halimsumbui.

“Ni mitindo,” alisema. “Wewe hujui mitindo.”

Bi Stumai alikuwa na akili zaidi, na kwa hiyo ana hatia zaidi. Nilikwenda kwake Septemba. Nilimwambia wazi: yule anayedarizi si Zabibu.

“Unadhani sijui?” alisema. “Mimi nimekaa na mkono ule miaka kumi na minane. Sasa nikuulize wewe, msomi. Nyumba imetulia. Mdogo wangu anakula. Mnataka nini?”

“Na Zabibu?”

“Zabibu alitaka awe mke humu. Amekuwa.”

Alibaki Maryam. Kwa mujibu wa utaratibu wa ukoo wa mama yake, ndiye mtu pekee mjini aliyeweza kuchomoa sindano. Dina alimkamata bombani siku moja, mimi nikiwa na ndoo yangu, akamnong’oneza.

“Ni wewe tu. Vuta sindano, kata uzi, choma kitambaa. Dakika moja.”

“Najua.”

“Basi?”

Maryam aligusa nywele zake. Alikuwa amesukwa upya. Mistari ilianzia nyuma ya sikio la kushoto na kuzunguka kichwa chote, msuko ambao sikuwahi kuuona kwa msichana mwingine pale mtaani.

“Kanisuka jana,” alisema. “Alinishika kidevu hapa, kwa vidole viwili. Kama zamani. Acha kwanza, fundi.”

“Hadi lini?”

“Acha kwanza.”

Aliinua ndoo yake akaondoka. Dina alibaki amesimama hadi maji yakamwagika miguuni.

Jumanne, tarehe 17 Januari 1995, Dina alipokea kitambaa cha saba kwa ajili ya kushona. Alikigeuza, kama kawaida yake. Kisha akafunga cherehani, akaja hadi chumbani kwangu, akagonga kwa ngumi.

Nilikiona kitambaa hicho kwenye mwanga wa dirisha. Nyuma ya bawa la heroe, katikati ya mishono safi inayolalia upande mmoja, kulikuwa na mishono mingine. Ilikuwa mibaya, yenye mafundo, na ilipinda kuelekea kulia. Uzi ulikuwa uleule wa waridi. Zilikuwa herufi tano, kila moja na ukubwa wa punje ya mahindi.

NITOE.

Tulivuka uani. Zabibu alikuwa kwenye mkeka chini ya upenu, akidarizi ndege wa nane. Maryam alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, akichambua mchele. Mkono wa kulia wa Zabibu ulikuwa juu ya goti, kiganja juu, kama nilivyouona Unyambwa. Kidole cha shahada kilikuwa kimejaa matundu madogo. Mengine yalikuwa mabichi.

Dina aliweka kitambaa kwenye ungo, juu ya mchele.

Maryam alisoma. Ilimchukua muda kuliko inavyomchukua mtu kusoma herufi tano. Zabibu aligeuza macho yake, macho tu, akamtazama. Mkono wa kushoto ulipunguza mwendo. Ndiyo mara pekee nilipouona ukipunguza mwendo.

Maryam aliingia ndani akatoka na mkasi mdogo.

“Asante Yesu,” Dina alinong’ona.

Ilikuwa saa tano na dakika kumi asubuhi. Maryam alikaa mkekani, karibu sana na Zabibu, mabega yakigusana. Hakuigusa sindano. Alichukua kitambaa cha saba, akakitandaza kwenye goti lake, upande wa nyuma juu. Alianza na E. Alikata fundo, akauvuta uzi polepole ili asichane poplini. Kisha O. Kisha T. Alifanya kazi vizuri. Alikuwa amefundishwa na mama yake. Alipomaliza N aliuzungusha uzi kwenye kidole, akauweka kwenye kopo la uzi, akafunga kifuniko. Mkono wa kushoto wa Zabibu ulikuwa umerudi kwenye mwendo wake.

Kwenye kitambaa yalibaki matundu ya herufi tano. Dina alikishona jioni ile. Mto ulipelekwa Unyambwa siku iliyofuata, na Bi Stumai aliupokea.